Laptopu ya metali: tazama bawaba kabla ya kutazama mng'ao

Muuzaji akikuambia laptopu ni ya metali, muulize mambo mawili: metali gani, na iko sehemu gani? Gamba la laptopu lina vipande vinne: kifuniko cha nyuma ya kioo, fremu inayokizunguka kioo, sehemu ya juu yenye kibodi, na bamba la chini. Nyingi zinazosifiwa madukani Kampala zina metali kwenye kifuniko peke yake, bati jembamba la alumini lililogundishwa juu ya plastiki. Mkono unahisi ubaridi wa metali, kumbe bawaba zimefungwa kwenye plastiki. Na laptopu nyingi huanza kufia kwenye bawaba.

Kila unapoinua kioo, bawaba hukinza. Bila ukinzani huo kioo kingeanguka chenyewe, lakini nguvu yake yote hupitia skrubu chache za M2 au M2.5 (unene wa milimita 2 au 2.5) kila upande. Katika gamba la plastiki, skrubu hizo huingia kwenye nati ndogo za shaba ya njano zilizozamishwa ndani ya plastiki kwa joto. Vumbi jekundu la murram likiingia, grisi inakauka, bawaba inakaza, na kila ufunguaji unazivuta zile nati. Mwishowe moja inang'oka na kipande cha plastiki. Dalili ya mapema ni pengo linaloachama pembeni mwa bawaba unapoinua kioo. Ukiliona, acha kuifungua na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu hatua inayofuata ni kupasuka kwa kifuniko au kukatika kwa waya wa kioo.

Matengenezo yanawezekana, ila si kwa supagluu. Gundi hiyo ni kavu mno, haivumilii kuvutwavutwa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Kwanza tenganisha betri. Kama bawaba ina nati kwenye mhimili wake, ilegeze robo mzunguko kila mara hadi kioo kisimame bila kukaza, kisha tia tone la grisi. Ukiruka hatua hii, kazi yote itang'oka tena. Kwaruza plastiki kwa msasa namba 120 na uifute kwa spiriti safi. Funga nati za shaba kwenye bawaba yenyewe ili zikae mahali pake, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu zisigande, halafu jaza epoksi ya mirija miwili ile inayokauka polepole. Iache saa 24. Pale plastiki ilipokwisha kabisa, mimi napendelea kutoboa hadi nje na kufunga boliti ya M2.5 yenye washa. Haipendezi machoni, lakini inashika.

Sasa linganisha na laptopu ambayo bawaba zake zimefungwa kwenye fremu ya magnesi (magnesium), metali nyepesi kuliko alumini. ThinkPad za mfululizo wa T zilijulikana kwa hilo: nje unaona plastiki nyeusi isiyo na mvuto, ndani kuna mifupa ya aloi ya magnesi, yaani magnesi iliyochanganywa na metali nyingine. Kwa mtu anayebeba mashine yake kwenye boda boda kutoka Wandegeya hadi mjini kila siku, naichagua hiyo kuliko kifuniko cha plastiki kilichovishwa alumini, bila kusita.

Tofauti za metali hizi ni za kupimika. Alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Aloi ya magnesi inayotumika sana, AZ91D, ina takriban 1.8. Kwa ugumu wa asili magnesi iko nyuma: gigapaskali 45 hivi dhidi ya 70 za alumini. Lakini kwa uzito ule ule, bamba la magnesi linaweza kuwa nene mara moja na nusu, na ukaidi wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Piga hesabu: 1.5 × 1.5 × 1.5 ni 3.4 hivi, zidisha kwa 45 gawa kwa 70, unapata zaidi ya 2. Yaani kwa uzito sawa, bamba la magnesi ni gumu kupindika zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mashine nyepesi kama LG Gram na Surface Pro za miaka ya mwanzo zilitumia magnesi.

Alumini inashinda kwa namna inavyofanyiwa kazi. Mwaka 2008 Apple walianza kuchonga gamba la MacBook kutoka kipande kimoja cha alumini. Hakuna viungo vya kulegea, na bawaba hufungwa moja kwa moja kwenye metali nzima. Gamba la namna hii na lile bati la kugundishwa yote huitwa alumini, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Titani nayo ilijaribiwa kwenye PowerBook G4, laptopu ya Apple ya 2001. Rangi yake ilibanduka na bawaba zake zikapata sifa ya kuvunjika. Jina la metali halikuiokoa.

Zikianguka, kila moja huumia kwa njia yake. Alumini hubonyea. Kona iliyobonyea ya kifuniko inaweza kukisukuma kioo hadi kipasuke siku kadhaa baadaye, kwa hiyo inyooshwe mapema: ondoa kioo kwanza, weka kipande cha mbao kila upande, kisha gonga taratibu. Magnesi usijaribu kuinyoosha ikiwa baridi. Fuwele zake haziteleziani kwa urahisi katika joto la kawaida, hivyo badala ya kurudi hupasuka. Wala usiisage kwa grainda: unga wake hushika moto, na moto huo haumwagiwi maji bali hufunikwa kwa mchanga mkavu.

Jasho ni adui wa zote mbili. Alumini hukingwa na tabaka la oksidi lililokuzwa kwa umeme, ambalo halibanduki kama rangi. Likishalika pale viganja vinapokaa, huacha vishimo vidogo visivyorudi. Magnesi inategemea rangi tu. Mahali ilipokwaruzika, chumvi ya jasho huifanya itoe unga mweupe, hasa karibu na skrubu za chuma, maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu ile dhaifu ndiyo huliwa. Kwaruza kwa mkono kwa msasa namba 400, futa kwa spiriti, paka praima ya epoksi mara mbili nyembamba, kisha rangi ya gari.

Kuhusu ule mtekenyo wa umeme

Wengi huhisi mkono ukitetema kidogo wanapopapasa laptopu ya metali iliyo kwenye chaji, wakadhani imeharibika. Chaja nyingi zina kapasita ndogo (kipuri kinachopitisha umeme kidogo sana), nanofaradi 1 hadi 2, kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa laptopu. Kwa umeme wetu wa volti 240 na hezi 50, hupitisha chini ya miliampia 0.2. Hiyo haidhuru, lakini inahisika. Plastiki huificha, metali huifikisha kwenye ngozi.

Dawa yake ni waya wa ardhi (earth). Tumia kebo yenye matundu matatu upande wa chaja, na hakikisha soketi ya ukutani ina ardhi kweli. Plagi zetu za pini tatu hutudanganya, kwa sababu pini ya tatu inaweza kuwa haijaungwa popote. Fundi wa umeme akipima kati ya waya wa moto na ardhi apate karibu volti 240. Akipata pungufu sana, ardhi haipo. Kupima gamba lenyewe kunahitaji uangalifu: mita itaonyesha volti 80 hadi 120 hata kama hakuna hatari. Fundi aweke kipingamizi cha kilo-omu 10 chenye uwezo wa wati 10 kati ya gamba na ardhi, kisha apime tena. Volti zikishuka hadi 1 au 2, ni mtekenyo wa kawaida. Zikibaki makumi, chaja hiyo itupwe.

Joto na mawimbi

Alumini husambaza joto vizuri kuliko magnesi, na plastiki karibu haisambazi kabisa. Ndiyo maana MacBook Air yenye chipu ya M1, ambayo gamba lake ni la alumini, inaweza kukaa bila feni hata moja. Laptopu ya metali kuhisika moto zaidi mapajani hakumaanishi ndani kuna moto zaidi, bali joto linatoka. Metali huzuia pia mawimbi ya Wi-Fi, ndiyo sababu kuna ukanda wa plastiki karibu na bawaba au ukingoni mwa kifuniko. Usiubandikie stika yenye karatasi ya fedha.

Dukani, inua kioo kwa kona moja, taratibu, ukitazama upande wa bawaba. Shika kona ya mbele ya mashine iliyozimwa na uinyanyue: ikilia au kibodi ikizama, mifupa ni ya plastiki. Tazama skrubu za chini kama vichwa vimechunika. Halafu iweke kwenye meza iliyonyooka. Ikiyumba, gamba limepinda au betri imevimba. Gamba la metali halitanuki kirahisi, kwa hiyo betri iliyovimba huisukuma padi ya kugusa kwenda juu. Padi ikiwa imeinuka au haibonyezeki, mashine hiyo isichajiwe tena mpaka betri itolewe.