Dawa za injini kwa gari kuukuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la spea hapa Malindi, kwenye rafu ya oili utakuta chupa ndogo za kila rangi: ya kukata moshi, ya kuosha nozo, ya kuongeza nguvu, ya kuziba sili, ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili. Wateja wangu wengi wana magari yaliyokwisha kutembea sana. Kuna Probox za kubeba samaki, Hilux za dizeli zinazopanda Garsen hadi Mokowe, na Land Rover za mashambani zilizozidi umri wa madereva wake. Swali lao ni moja: "Fundi, nikitia hii itasaidia?"

Nawajibu kwamba inategemea gari linaumwa nini. Kama shida ni uchafu, kuna chupa zinazosaidia kweli. Kama chuma kimelika, hakuna kimiminika kitakachokirudisha. Na magari mengi yanayoletwa kwangu na chupa kwenye kiti cha mbele yamelika.

Oili unayonunua tayari ina dawa zake ndani. Mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya kilichomo kwenye galoni ni kemikali zilizotiwa kiwandani: za kusafisha, za kushikilia masizi yasigande, za kuzuia povu, za kuzuia kutu, na mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaolinda kemushafti, ile shafti inayofungua valvu, pale oili inapobanwa ikawa nyembamba mno. Vipimo hivyo vimepangwa pamoja, na kemikali hizi hugombania uso uleule wa chuma. Mpishi akishatia viungo vya pilau vikatimia, wewe ukaja ukamwaga pakiti nyingine ya bizari sufuriani, hujaizidisha utamu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari huandika kwenye kitabu cha gari kwamba usiongeze kitu kwenye oili.

Ipo hali moja ambapo zinki huwa na maana. Tangu daraja la SM la API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili, lilipoanza mwaka 2004, oili nyepesi za petroli kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, ili zisiharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Injini za kale ambazo kemushafti husuguana moja kwa moja na tapeti bapa, kama zile za Land Rover za zamani, zilizoea kiwango cha juu zaidi. Hata hapo mimi sinunui chupa. Namtafutia mwenye gari oili ya uzito na daraja linalofaa injini yake, yenye zinki ya kutosha tangu kiwandani.

Kuhusu zile zinazodai kuvisha chuma koti la utelezi, kesi yake ilikwisha zamani. Slick 50, iliyokuwa maarufu sana Marekani kwa chembe zake za PTFE (plastiki telezi kama ile ya kikaango kisichoshika), ilishtakiwa na tume ya biashara ya huko, FTC, kwa matangazo yasiyo na ushahidi, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kuyaacha madai hayo. PTFE ili ishike chuma huhitaji uso uliosafishwa sawasawa na joto la zaidi ya digrii 300. Oili kwenye sampu, lile bakuli lililo chini ya injini, haifiki huko hata nusu.

Sasa tuje kwenye linalowaumiza watu: gari kula oili. Kabla ya kununua chochote, angalia moshi unatoka saa ngapi. Gari likilala usiku, asubuhi ukiliwasha likatoa wingu la samawati kisha likatulia, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili imedondokea silindani usiku. Likitoa moshi kila unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi za pistoni. Lisipotoa moshi na oili inapungua, lala chini ya gari utazame. Pengine inavuja tu.

Ukishuku ringi, ipo njia ya kuhakikisha isiyohitaji kufungua injini. Pasha injini moto, toa plagi zote, kata umeme wa plagi na mafuta, funga geji ya kompresheni kwenye silinda ya kwanza, kanyaga mafuta mpaka mwisho na umwambie mtu azungushe stata mpaka mshale usimame. Andika namba, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Tuseme tatu zinaonyesha psi 170 na moja inaonyesha 110. Mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu la ile dhaifu, zungusha injini kidogo oili isambae, kisha pima tena. Mshale ukipanda hadi 150, oili imeziba nafasi ambayo ringi zilipaswa kuziba, hapo umejua. Usipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kazi hii haimalizi saa moja, na inakuambia mengi kuliko chupa kumi.

Chupa ya kukata moshi huwa ni nini basi? Nyingi ni polima nzito zinazoifanya oili iwe nene. Oili nene hupita kwa shida kwenye ringi zilizolika, moshi hupungua, mlio hutulia, na mwenye gari hufurahi kwa muda. Baadaye polima hukatikakatika kwa msuguano na mambo yakarudi yalivyokuwa. Ukitaka unene, nunua unene halali: kwa injini ya zamani isiyo na mitambo nyeti, toka 10W-30 uende 15W-40 au 20W-50, hasa kwa joto letu la pwani. Lakini kwa injini yenye VVT-i kama ya Probox, usikurupuke. Mfumo huo hutumia oili kusogeza kemushafti kupitia valvu ndogo yenye chujio jembamba, nao haupendi uzito uliozidi. Na mnaonunua magari ya mkononi, chomoa kijiti cha oili kabla ya bei. Oili ikivutika kama asali ilhali gari linapaswa kutumia nyepesi, kuna kitu kimefichwa.

Dawa ya sili siikatai kabisa. Zipo zenye kemikali zinazolainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Kwa sili ya krenki inayotokwa jasho, inaweza kukupa miezi. Kwa iliyochanika, hapana.

Ile ya kuosha injini kabla ya kumwaga oili ndiyo ninayoiogopa. Injini iliyokosa sevisi miaka mingi ina tope jeusi limeganda chini ya kava ya valvu. Ukilibandua lote kwa dakika 10, hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, na beringi zinabaki kavu. Injini ya namna hiyo mimi huisafisha polepole: oili nzuri, filta mpya, namwaga mapema kuliko kawaida, narudia. Ringi zilizogandishwa na kaboni huweza kulegea kwa njia hii bila kumhatarisha mwenye gari.

Upande wa petroli nina maneno mazuri zaidi. Dawa za nozo zenye PEA, yaani polieta amini, zinafanya kazi. Huyeyusha masizi kwenye nozo na mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa, na gari lililokuwa likitetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, laweza kutulia baada ya tenki moja au mawili. Soma chupa, isipotaja PEA, irudishe rafuni. Kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zenye alama ya D-4 au GDI, nozo zitasafika lakini valvu hazitaguswa, maana petroli haipiti hapo. Ya kuongeza okteni iache kama injini haigongi.

Kwa dizeli, ombi langu ni moja: msichanganye na mafuta ya taa. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa shilingi 18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji huo. Na maji ndani ya tenki, ambayo kwa unyevu wetu ni jambo la kawaida hasa tenki likilala nusu, hayahitaji dawa. Legeza koki iliyo chini ya filta, yatoke mpaka uone dizeli tupu.

Nimeacha rejeta mwisho kwa sababu ndipo ninapolalamika zaidi. Watu watanunua chupa tatu za injini, kisha wajaze rejeta maji ya kisima, haya yetu yenye chumvi na chokaa. "Kulanti ni ya nchi za baridi," huniambia. Kulanti hubeba kemikali za kuzuia kutu zinazolinda aluminiamu ya hedi na pampu ya maji, na ikichanganywa nusu kwa nusu huchemka karibu digrii 107 badala ya 100, kabla hata ya kuhesabu presha ya kifuniko. Nikifungua hedi iliyopinda, mara nyingi nakuta njia za maji zimejaa ukoko mweupe na kutu. Kama una pesa ya chupa moja tu mwezi huu, inunulie rejeta kulanti, na maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri.