Chanjo ya homa ya mafua na ya UVIKO-19: mtoto na wanaoishi naye

Wazazi wanaoniuliza kuhusu chanjo hizi mbili karibu wote huanza na mtoto: je, umri wake umefika, atapata homa baada ya sindano, anaihitaji kweli? Ni maswali ya haki, na nitayajibu. Hata hivyo, mimi kama daktari wa watoto hupenda kwanza kujua mtoto huyo anaishi na nani. Virusi vya homa ya mafua na vya UVIKO-19 husafiri kwa hewa na kwa matone yanayotoka mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, na hakuna mahali ambapo watu hukaa karibukaribu kwa muda mrefu kuliko nyumbani.

Sababu nyingine ya kuuliza hivyo ni kwamba yule aliye hatarini zaidi katika nyumba huenda hawezi kuchanjwa. Chanjo ya homa ya mafua haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, na zile za UVIKO-19 nazo hazitolewi kabla ya umri huo. Kichanga ana njia nyembamba za hewa ambazo kamasi kidogo tu hutosha kuziziba, na kinga yake bado haijakutana na maradhi. Kinga anayoweza kuwa nayo katika miezi hiyo hutoka kwa watu wengine. Kwanza ni mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, kwa kuwa kingamwili zake, yaani protini za mwili zinazopambana na vijidudu, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na baadaye maziwa yake huongezea kinga hiyo. Kisha ni baba, kaka na dada, bibi, mlezi na kila anayembeba, ambao wakichanjwa hawatamletea ugonjwa kwa urahisi.

Watoto wakubwa kidogo, hasa wanaokwenda shule, ndio huuingiza ugonjwa nyumbani. Mtoto aliyeshikwa na homa ya mafua hutoa virusi vingi, na kwa siku nyingi kuliko mtu mzima. Tena hajali sana kufunika mdomo anapokohoa. Utafiti ninaoutaja mara kwa mara katika jambo hili ulifanywa Kanada, katika makazi ya Wahutteri, jamii ya Kikristo inayoishi kwa ushirika mashambani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Katika baadhi ya makazi, watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 15 walichanjwa dhidi ya homa ya mafua. Katika makazi mengine, watoto wa umri huohuo walipewa chanjo ya homa ya ini aina ya A, ambayo haihusiani na mafua kwa namna yoyote. Kisha watafiti wakawafuatilia watu ambao hawakupewa chanjo katika utafiti huo, yaani wazazi, wazee na watoto wachanga. Pale ambapo watoto walikuwa wamechanjwa dhidi ya mafua, maambukizi yaliyothibitishwa maabara miongoni mwa hao wasiochanjwa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 60. Wapo wanaopenda zaidi kuutaja mfano wa Japani, iliyowachanja wanafunzi wake kuanzia miaka ya 1960 na kuuacha mpango huo mwaka 1994, kisha vifo vya wazee wakati wa baridi vikaongezeka. Mimi huutumia kwa tahadhari, maana katika miaka thelathini mambo mengi hubadilika katika nchi, na si rahisi kusema lipi limesababisha lipi.

Kwa nini basi chanjo ya homa ya mafua irudiwe kila mwaka, wakati chanjo ya surua haina haja hiyo? Kirusi cha mafua hubadilisha kidogokidogo protini zilizo juu ya gamba lake, hata kingamwili za mwaka jana zikashindwa kukitambua vizuri, na zenyewe hupungua kadiri miezi inavyopita. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya zile za kusini, ili kupendekeza aina za virusi zitakazowekwa katika chanjo ya msimu unaofuata. (Aina moja ya virusi vya mafua vya kundi B, iitwayo Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020, na mwaka 2023 wataalamu hao walisema haina haja ya kuendelea kuwekwa.) Kwa kuwa uteuzi hufanywa miezi kadhaa kabla ya msimu, kuna miaka ambayo chanjo haiendani sana na kirusi kinachozunguka. Hata inapoendana vizuri, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumfikisha mtu kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Sioni sababu ya kuwaficha wazazi takwimu hiyo. Kinga ya nusu dhidi ya ugonjwa unaowafanya watu milioni 3 hadi 5 duniani kuugua vikali kila mwaka si jambo dogo, na aliyechanjwa akaugua kwa kawaida huugua kwa nafuu.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa dhidi ya mafua kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizoachana kwa angalau wiki 4. Kinga huchukua wiki 2 hivi kujengeka baada ya sindano, kwa hiyo mzazi anayesubiri mpaka darasa zima linakohoa amechelewa. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na haiwezi kumwambukiza mtu mafua. Anayeugua siku mbili baadaye alikuwa tayari ameambukizwa, au ana mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi vingine. Ipo pia chanjo ya kunyunyizia puani kwa watoto wa kuanzia miaka 2, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Hunyunyiziwa mara moja katika kila tundu la pua, na hata mtoto akipiga chafya papo hapo hakuna haja ya kurudia. Haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga.

Kwa UVIKO-19 hesabu ni tofauti, na naona wataalamu wenzangu wengi hukosea wanapozieleza chanjo hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliwaweka watoto na vijana wenye afya njema, wa miezi 6 hadi miaka 17, katika kundi la kipaumbele cha chini, na kila nchi ikaachiwa kuamua kulingana na mazingira yake. Waliotangulizwa ni wazee, wajawazito, wahudumu wa afya walio mstari wa mbele, watu wazima wenye maradhi ya kudumu, na wenye kinga dhaifu, wakiwemo watoto. Kwa hiyo mtoto mwenye saratani au aliyepandikizwa figo sitamwacha bila chanjo hiyo. Kwa mtoto wa miaka 9 asiye na tatizo lolote, nitafuata mwongozo wa nchi na nitazungumza na wazazi bila kuwatisha. Na iwapo mama yake ni mjamzito au bibi yake anaishi naye, nitauliza kwanza kama hao wamechanjwa.

Chanjo zote mbili zinaweza kutolewa siku moja, kila moja mahali pake: pajani kwa mtoto mdogo, begani kwa mkubwa. Maumivu pale palipochomwa sindano, uchovu na homa ya siku moja au mbili ni mambo ya kawaida, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto inatosha. Asipewe aspirini, kwa sababu ikitumiwa na mtoto mwenye mafua inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaodhuru ini na ubongo. Chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA, yaani zile zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi ili kinga ijifunze kuitambua, zina athari moja ya nadra inayostahili kujulikana, nayo ni kuvimba kwa misuli ya moyo, ambako huwapata zaidi wavulana waliobalehe na vijana wa kiume, kwa kawaida ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili. Wengi hupona. Kijana akilalamika maumivu ya kifua, kukosa pumzi au moyo kwenda mbio katika siku hizo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe tarehe aliyochanjwa.