Je, moyo kwenda mbio ni dalili ya mapenzi?

Moyo haudanganyi, husema watu wa Nairobi wanaposhauriana mambo ya mapenzi, na kipimo ni kilekile kila mara: ulipomwona, moyo ulienda mbio? Viganja vililowa? Basi ni yeye.

Jibu la wanasaikolojia ni kavu zaidi. Moyo kwenda mbio ni dalili kwamba mwili umesisimka. Aliyeusisimua anaweza kuwa huyo mtu, ngazi za ghorofa nne, dereva wa nganya (matatu ya madoido) ya Rongai, au kikombe cha pili cha kahawa.

Upande wa mwili hauna mengi. Ubongo ukihisi hatari, kazi nzito au jambo la kusisimua, mishipa ya fahamu iitwayo simpathetiki huuharakisha moyo, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia huwa 60 hadi 100 kwa dakika. Anayeikimbilia matatu na anayeingojea simu ya mpenzi wote wanaweza kuvuka hapo. Hakuna adrenalini ya mapenzi na nyingine ya woga.

Utafiti unaotajwa zaidi hapa ni wa wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron, uliochapishwa mwaka 1974. Uwanja wao ulikuwa daraja la Capilano karibu na Vancouver, Kanada: la mbao na nyaya, urefu wa takriban mita 140, linaloning'inia mita 70 hivi juu ya mto na kuyumba ukilikanyaga. Mwanamke kijana aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka, akawapa maswali mafupi na picha ya kutungia hadithi, kisha akawaachia namba ya simu endapo wangetaka kujua zaidi kuhusu utafiti. Darajani, wanaume 18 waliipokea namba na 9 wakapiga. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, waliipokea 16 na wakapiga 2. Alipowekwa mwanamume kuuliza maswali yaleyale, waliopiga walikuwa wachache kutoka madaraja yote mawili.

Hapo ndipo ulipozaliwa ushauri unaozunguka mpaka leo: mtishe umpendaye, naye atakupenda. Mpeleke sinema ya mashetani, mteremshe kwa kuning'inia kwenye kamba (zipline) za msitu wa Kereita, mpandishe Ngong Hills mpaka akose pumzi. Ushauri huu umekosea mara mbili, na makosa yenyewe ndiyo sehemu tamu ya habari hii.

Kosa la kwanza: woga si sharti. Mwaka 1981 Gregory White na wenzake waliwafanya wanaume wasisimke kwa njia tofauti. Katika jaribio moja, baadhi walikimbia papo hapo waliposimama kwa dakika 2, wengine kwa sekunde 15 tu. Katika jingine walisikiliza kanda: wengine vichekesho, wengine masimulizi ya mauaji ya kikatili, na wengine, kwa ajili ya ulinganisho, maelezo ya mzunguko wa damu wa chura. (Chura hakumsisimua mtu yeyote, na ndiyo ilikuwa kazi yake.) Vichekesho na mauaji vilifanya kazi inayofanana. Mwili haukujali kama chanzo kilikuwa kicheko au hofu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Baada ya kusisimuliwa, wanaume hao walionyeshwa video ya mwanamke. Kwa baadhi yao alikuwa amepambwa akapendeza. Kwa wengine alikuwa amefanywa asipendeze, kwa makusudi. Waliosisimka walimwona wa kupendeza kuwa anavutia zaidi kuliko walivyomwona waliotulia. Lakini yule asiyevutia walimwona mbaya zaidi. Kwa hiyo anayempeleka kwenye kamba za Kereita mtu asiyempenda anaweza kuteremka naye akiwa amechukiwa kwa nguvu zaidi kuliko alipopanda.

Chukua jiko la makaa. Umesonga ugali, umeepua sufuria, makaa bado yana moto. Ukibandika maji ya chai sasa, yatachemka upesi kuliko kama ungeanza kuliwasha jiko upya. Ukibandika maziwa yaliyoanza kuharibika, yatakatika upesi vilevile. Jiko halijui kilichomo kwenye sufuria. Linaharakisha tu kile ambacho kingetokea. Sasa angalia saa. Mara tu unapoepua ugali makaa ni mekundu, na kila aliye jikoni anajua joto linatoka wapi. Dakika chache baadaye majivu yameyafunika, jiko linaonekana limezima, na hapo ndipo mtoto huungua kidole. Ukingoja zaidi, linapoa kweli.

Hatua hizo tatu zilipimwa mwaka 1975 na Joanne Cantor, Dolf Zillmann na Jennings Bryant. Watu waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa dakika 1, kisha wakaonyeshwa filamu ya ashiki kwa nyakati tofauti. Walioonyeshwa papo hapo, mapigo yakiwa juu na wenyewe wakijua ni ya baiskeli, hawakuathirika. Walioonyeshwa baada ya dakika 9 hivi, mwili umeshatulia, nao hawakuathirika. Athari ilijitokeza katikati, karibu dakika ya 5: mwili bado una msisimko, lakini mtu anaamini ameshatulia. Msisimko uliobaki akaukabidhi kwa filamu.

Kwa shabiki wa Gor Mahia anayetoka uwanjani baada ya bao la dakika za mwisho kwenye Dabi ya Mashemeji dhidi ya AFC Leopards, hii ina maana kwamba hatari haiko jukwaani anapopiga kelele. Iko nje, kwenye foleni ya matatu, anapodhani furaha imeisha na mtu aliye mbele yake anageuka kumwuliza nauli ya Umoja ni ngapi.

Ushahidi wenyewe una mapengo. Namba za Capilano ni ndogo mno, na hakuna aliyepima mapigo ya mtu darajani. Pia huenda anayechagua daraja linaloyumba ni jasiri tangu nyumbani, na jasiri hasiti kupiga simu. Dutton na Aron waliliona hilo wakarudia, safari hii wakiwalinganisha waliokuwa katikati ya daraja na waliolivuka lilelile kisha wakapumzika angalau dakika 10. Waliopumzika walipiga simu kwa uchache. Ni jibu zuri, ingawa halifungi mjadala. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, uliotolewa na Craig Foster na wenzake mwaka 1998, ulikuta kwamba msisimko huongeza mvuto hata mtu anapojua vizuri umetoka wapi, ila kwa kiasi kidogo. Kukosea chanzo, basi, ni sehemu tu ya maelezo. Na sehemu kubwa ya majaribio haya ilihusu wanaume vijana wakiwatazama wanawake wasiowajua. Kuyahamishia kwa kila mtu kunahitaji tahadhari.

Anayetaka kujipima afanye hivi. Aketi dakika 15 bila kuzungumza na huyo mtu wala kumwandikia. Aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Asitumie gumba lenyewe, kwa kuwa lina mapigo yake na litamchanganya. Ahesabu kwa sekunde 30, azidishe mara mbili, ndipo ajiulize anaonaje. Kipimo huharibika kwa sababu za kawaida kabisa. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu katika mwili wa mtu mzima, kwa hiyo kahawa ya saa kumi alasiri bado ipo kwenye deti ya saa moja usiku. Miraa na muguka ni balaa zaidi kwa kipimo hiki: kathinoni, kichangamshi kilichomo, hupandisha mapigo na shinikizo la damu, na kutafuna kwenyewe huendelea kwa saa nyingi. Mapigo yanayozidi 100 mara kwa mara mtu akiwa ametulia ni suala la daktari, maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo hufanya hivyo bila kumhusisha mpenzi yeyote.

Kwa walio na wapenzi tayari mambo hubadilika. Cindy Meston na Penny Frohlich, mwaka 2003, waliwahoji watu kwenye bustani za burudani Texas, wengine wakingoja kupanda vigari vya reli vinavyoporomoka (roller coaster), wengine wakiwa ndio wameshuka. Kati ya waliofuatana na mtu asiye mpenzi wao, walioshuka waliiona picha ya mgeni kuwa inavutia zaidi kuliko waliokuwa wakingoja. Waliofuatana na wapenzi wao hawakuonyesha tofauti hiyo.

Aron, yule wa daraja la Capilano, naye alirudi mwaka 2000 akiwa na mikeka ya mazoezi. Wanandoa walifungwa pamoja upande mmoja, kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa na kuvuka kizuizi huku wamebana mto katikati ya miili yao bila kuushika kwa mikono wala meno. Baada ya dakika 7 za hayo waliukadiria uhusiano wao kuwa bora zaidi kuliko wanandoa waliopewa kazi ya kusukuma mpira taratibu. Aron aliusifu upya wa jambo lenyewe kuliko mapigo ya moyo.