Mashine iliyosimama nayo inakula: uiuze au ubaki nayo?

Katika kazi yangu ya ushauri wa mashine za kilimo, watu wengi hawaniulizi moja kwa moja kama wauze. Hunitembeza. Tunapita mazao, tunapita ghala, kisha tunafika nyuma ya banda ambako imesimama mashine yenye vumbi, majani yameota kati ya magurudumu. Mwenyeji wangu huigusa kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mzee wa nyumba, halafu husema: "Hii siku hizi hatuitumii sana, ila haitugharimu chochote."

Inagharimu, na hapo ndipo ninapoomba tutafute kivuli tukae na kalamu.

Gharama za mashine ni za namna mbili. Zipo zinazofuata kazi: dizeli, oili, grisi, ujira wa dereva, vipuri vinavyolika. Usipoiwasha, hizo hazipo. Zipo pia zinazofuata kalenda: kushuka kwa thamani, riba, bima, nafasi inayoshika bandani. Hizi za pili hazijali kama umelima hekta 2 au 200. Riba ndiyo inayosahaulika zaidi, hasa pale mashine ilipolipiwa taslimu. Hata kama hudaiwi na mtu, fedha iliyolala ndani ya chuma ingeweza kupunguza deni lingine, kununua mbolea mapema, au kukaa benki ikizaa.

Halafu kuna kuharibika kwa kukaa, jambo ambalo mafundi wanalijua na wenye mashine hawapendi kulisikia. Betri ya risasi na asidi hujimaliza chaji yenyewe, na ikikaa tupu muda mrefu sahani zake huganda salfeti, chumvi ngumu ambayo haitoki tena kirahisi. Tangi lililobaki nusu hutoa jasho ndani kila joto la mchana linapobadilishana na baridi ya usiku. Maji hayo hushuka chini ya dizeli, vijidudu huota pale yanapokutana na mafuta, na msimu unapofika unakuta filta zimeziba utelezi mweusi. Sili za mpira, zile zinazozuia oili isivuje, hukauka. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja miezi mingi hubonyea, na jua hulipasua mbavuni. Fimbo ya silinda ya haidroliki iliyoachwa imetoka nje hushika kutu, na siku ya kwanza ya kazi kutu hiyo huichana sili kama msasa. Klachi hugandia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Panya hujenga ndani ya mashine ya kuvunia na kutafuna nyaya.

Wengine hujaribu kuepuka haya kwa kuwasha injini dakika tano kila wiki. Naelewa nia, lakini ni tiba mbaya. Injini haipati moto wa kutosha kuchemsha unyevu ulio ndani ya oili, na kila uwashaji huongeza unyevu mwingine. Kama utaiwasha, ifanyishe kazi hadi ipate joto lake kamili. Kama haitafanya kazi miezi mingi, ni heri ubadilishe oili kabla ya kuiegesha (oili iliyotumika ina asidi inayokula beringi), ujaze tangi, urudishe fimbo za silinda ndani, uchomoe betri na uiachie usingizi wake.

Sasa hesabu. Tuseme bei ambayo mnunuzi angekupa leo ni 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Nasema leo. Bei uliyonunulia haina kazi hapa, wala gharama ya giaboksi uliyoweka mwaka jana, isipokuwa kwa kiasi ilichopandisha bei ya leo. Najua inauma. Fedha hiyo imeshatoka mfukoni, nayo haitarudi kwa sababu umeiweka mashine miaka mingine mitatu.

Chukulia kwamba mwaka ujao itashuka thamani kwa 8, riba ya fedha iliyolala ni 7, bima na banda ni 2, na matunzo ya kuegesha ni 1. Jumla 18 kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Chukulia tena kwamba kumkodi mwenye mashine kunagharimu 0.6 kwa hekta, na wewe ukitumia yako unachoma 0.3 kwa hekta ya mafuta, dereva na vipuri. Kila hekta unayofanya kwa mashine yako inaokoa 0.3. Gawanya 18 kwa 0.3, unapata hekta 60. Chini ya hapo kukodi ni nafuu, juu ya hapo kumiliki ni nafuu. Tarakimu ni zangu za mfano, lakini njia ni hiyohiyo popote: gharama za kalenda, gawanya kwa tofauti kati ya bei ya kukodi na gharama yako ya kazi kwa hekta.

Sasa tuseme mkulima mwenye mashine hii ya mfano ana hekta 25 tu. Kumiliki kunamla 18 za kalenda na 7.5 za kazi, yaani 25.5. Kukodi kungemla 15. Analipa 10.5 ya ziada kila mwaka. Washauri wengi huishia hapa na kusema uza. Mimi niliwahi kuishia hapa, nikamwambia mkulima mmoja auze mashine yake ya kupandia. Hesabu ilikuwa sahihi. Msimu uliofuata mvua zilianza kwa wote siku moja, mwenye mashine ya kukodi akawa na foleni, na mkulima wangu akapanda akiwa amechelewa sana. Nilipokwenda kuliona shamba lile sikuwa na la kumwambia, zaidi ya kwamba swali la pili sikumuuliza.

Swali la pili ni la siku. Mkulima huyo hakuwa akilipa ile ziada bure: alikuwa akinunua uhakika wa kufanya kazi siku anayotaka yeye. Uhakika huo nao una bei, na bei hiyo inaweza kukadiriwa.

Anza na uwezo wa mashine. Zidisha upana wake kwa mita, mwendo kwa kilomita kwa saa, na sehemu ya muda inayofanya kazi kweli baada ya kutoa kugeuza, kujaza mbegu na kuzibua. Gawanya kwa 10, unapata hekta kwa saa. Mashine ya kupandia yenye upana wa mita 3, ikienda kilomita 6 kwa saa na kufanya kazi asilimia 65 ya muda, inapanda hekta 1.17 kwa saa. Hekta 25 ni kama saa 21, siku tatu za kazi. Kwa hiyo anachohitaji ni siku tatu tu, lakini lazima ziangukie ndani ya dirisha la kupanda, yaani kipindi kinachofaa kupanda, na ndani ya dirisha hilo si kila siku udongo unakubali kukanyagwa.

Halafu kadiria hasara ya kuchelewa. Chukulia kila siku ya kuchelewa inapunguza mavuno yenye thamani ya 0.05 kwa hekta. Kwa hekta 25 hiyo ni 1.25 kwa siku. Ile ziada ya 10.5 ukiigawanya kwa 1.25 unapata siku nane na kitu. Sasa ana swali analoweza kulijibu kwa kumbukumbu zake mwenyewe: je, nikikodi, kwa wastani wa misimu, nitachelewa zaidi ya siku nane? Kama jibu ni siku mbili au tatu, auze kwa amani. Kama aliyeko karibu na mashine hiyo ni mmoja tu na wateja wake ni wengi, abaki nayo, wala asione haya mtu akimwambia inakaa bure.

Mashine zote si sawa kwa swali hili. Jembe la plau linasubiri, trela linasubiri. Zile za kupanda na kuvuna nafaka hazisubiri sana. Nyasi zilizokatwa zimelala chini na wingu linakuja hazisubiri kabisa, kwa hiyo mashine ya kufungia marobota inaweza kustahili nafasi yake bandani kwa siku sita za kazi kwa mwaka. Pampu ya kunyunyizia dawa ni rahisi kuliko hasara ya wadudu wa wiki moja, na sikumbuki kumshauri mtu auze iliyo nzima. Trekta la pili lenye nguvu kubwa, lililonunuliwa mwaka wa mavuno mazuri, ndilo ninalolitilia shaka kwanza.

Hapo ndipo watu wengi hukosea upande. Wakiamua kupunguza mashine, huuza ile kuukuu, kwa kuwa haipendezi, na kubaki na mpya inayofanya kazi saa chache. Mara nyingi ni kinyume. Mashine mpya hushuka thamani kwa kasi miaka yake ya mwanzo, kisha mwendo huo hupungua. Kuukuu imeshashuka. Kama bei yake leo ni 10 badala ya 100, gharama zake za kalenda huenda ni 1.8 kwa mwaka. Hata ikila vipuri zaidi na kuokoa 0.2 tu kwa hekta, hekta 9 zinaitosha. Trekta kuukuu linalowaka, lenye spea zinazopatikana, ni akiba ya bei nafuu kwa siku lile kubwa litakapokatika. Sharti ni kuwaka na spea. Likikosa kimojawapo, hilo ni chuma chakavu kinachochukua nafasi.

Kabla ya kuuza trekta, angalia pia linavuta nini. Nimeona mtu ameuza trekta kubwa, akabaki na haro (zana ya kuvunjavunja mabonge ya udongo) na mashine ya kupandia ambazo trekta dogo halina nguvu ya kuziinua wala pini zake hazilingani. Zana zinazotegemeana zihesabiwe pamoja na kuuzwa pamoja.

Njia za katikati zipo. Kukodisha kwa wengine huongeza hekta, lakini msimu wako ndio msimu wao: mashine itakuwa shambani kwa mwingine siku ile uliyoihitaji. Na bima ya shamba lako huenda haigusi kazi ya kulipwa, uliza kwanza. Kumiliki kwa ushirika na majirani wawili watatu hufanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, mradi zamu ya kutangulia izunguke kila mwaka na iandikwe, na kila atumiaye aandike saa kwenye daftari linalokaa ndani ya mashine.

Kuna mashine ambazo kalamu haiziwezi. Familia moja ilinikalisha mezani ndugu watatu wakibishania trekta la marehemu baba yao. Sikuwaambia wauze. Niliwaomba waandike kwenye karatasi linagharimu kiasi gani kwa mwaka kukaa pale, na kila mmoja aseme kama yuko tayari kuchangia. Mtu ana haki ya kulipia kumbukumbu ya mzazi wake, ila si haki mmoja alipe peke yake wakati wengine wanadhani ni bure.

Ukishaamua kuuza, usiuze mavuno yakiisha, wakati kila mtu anaegesha yake. Uza wiki chache kabla ya msimu wa kazi yake, wanunuzi wanapoitafuta. Ihakikishe inawaka: mashine inayowaka mbele ya mnunuzi huuzwa kama mashine, isiyowaka huuzwa kama spea, na tofauti yake mara nyingi ni betri, filta na dizeli safi. Mwache aiwashe ikiwa baridi. Mnunuzi mzoefu huweka mkono kwenye injini kwanza, na akikuta umeipasha mapema hataamini tena neno lako lolote. Ioshe, lakini usipake rangi juu ya kutu wala kufuta uvujaji asubuhi ile, na usiguse mita inayohesabu saa za kazi ya injini. Toa daftari la matengenezo hata kama lina mapengo. Tangi la dawa lisuuze mara tatu, mtu asije akaunguza mazao yake kwa mabaki ya dawa yako ya magugu. Hakikisha hati ya umiliki ipo na hakuna mkopo unaoishikilia.

Na kabla ya kukabidhi funguo, nenda kwa yule utakayemkodi. Mwambie hekta zako, mwoneshe njia ya kuingia shambani, mpe malipo ya awali, na mwandikiane wewe ni wa ngapi kwenye foleni mvua zitakapoanza. Akikataa kuandika, rudi nyumbani na funguo zako mfukoni, umtafute mwingine kwanza.