Msamaha wa rates si hisani ya mheshimiwa

"Wakili, nitafutie mtu pale juu anifutie hii riba." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii na mteja mwenye ploti Kayole, Nairobi, anayedaiwa rates, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, na nimechoka kulijibu ombi hili mteja mmoja mmoja. Kila mtu ana namna yake ya kulisema, lakini imani ni ile ile: kwamba msamaha wa ada za serikali ni mali ya mwenye cheo, akikupenda anakupa, asipokupenda anakunyima, na kazi yako ni kutafuta wa kukufikisha kwake.

Si kweli, na haijawahi kuwa kweli tangu Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 210 kinasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Na pale sheria inaporuhusu msamaha, lazima iwepo rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na yote mawili yaripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Upande wa kaunti, kifungu cha 159 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinampa mamlaka hayo waziri wa fedha wa kaunti. Si diwani, si mbunge, wala si msaidizi wa mkubwa fulani. Hata huyo waziri hafanyi apendavyo: lazima pawe na sheria iliyoidhinisha msamaha wenyewe.

Sasa tazama kile wateja wanachoniwekea mezani. Barua ya karatasi moja, ina nembo, ina mhuri, ina sahihi kubwa ya mwanasiasa. Maneno ni mistari miwili: mwenye barua hii ni mtu wetu, tafadhali asaidiwe. Nambari ya ploti haipo. Kiasi hakipo. Kifungu cha sheria hakipo, na sababu ndiyo kabisa haipo. Mteja ameitolea pesa ya chai na anaishika kama hati miliki. Barua hiyo haifuti hata shilingi moja.

Linaloweza kufuata ni baya zaidi. Mtu wa ndani anaingia kwenye mfumo, salio linashuka, mteja anafurahi. Siku wakaguzi wakiuliza kibali kiko wapi, kibali hakuna, na deni linarudi pale pale. Na wewe uliyefaidika usifikiri mzigo ni wa karani peke yake. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinamtaja pia anayejipatia kwa ulaghai msamaha au punguzo la ada za umma. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na juu yake faini ya lazima ya mara mbili ya ulichofaidi au hasara uliyosababisha.

Naelewa kinachowasukuma watu huko. Kwa miaka mingi riba ya rates Nairobi imekuwa asilimia 3 kwa mwezi. Tuseme unadaiwa 100,000. Hiyo ni 3,000 kila mwezi, 36,000 kwa mwaka, na katika miaka mitano riba peke yake ni 180,000, imelipita deni lenyewe. Riba ikiwa nzito hivyo, yeyote anayeweza kuifuta kimyakimya ana bidhaa ya kuuza, na ndipo upendeleo unapoota mizizi. Kwangu mimi, riba hiyo ipunguzwe kwa wote na soko la msamaha wa mlango wa nyuma litakosa wateja.

Msamaha halali una sura yake. Unatangazwa, una tarehe ya kuanza na ya kuisha, una masharti yanayomfunga kila mtu. Kaunti inapotangaza msamaha wa rates, kwa kawaida inafuta riba na faini, nawe unalipa deni la msingi lote kabla ya tarehe iliyotajwa. Ndivyo ulivyokuwa hata msamaha wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, uliotokana na Sheria ya Fedha ya 2023: kuanzia 1 Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024, kwa riba na adhabu za hadi 31 Desemba 2022. Hakuna aliyehitaji barua ya mtu. Kwa hiyo nawasihi wateja wangu: lipeni deni la msingi kidogo kidogo sasa, msamaha ukitangazwa uwakute mko karibu.

Najua wateja watakavyonibishia. "Ni riba tu, hakuna aliyeibiwa." Kuna jirani yako aliyejinyima akalipa rates zake kabla ya tarehe ya mwisho, 31 Machi. Mwulize yeye.

"Wakubwa wamesamehewa na sheria." Kifungu kile kile cha 210 cha Katiba kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo au kazi yake.

"Hospitalini bila simu ya diwani hupati msamaha wa bili." Mwombe muuguzi akuelekeze kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayechunguza hali ya familia na kuwasilisha ombi lako.

"Huwezi kujua nani alisamehewa nini." Unaweza kuuliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba rekodi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Andika ombi lako, taja mwaka na aina ya ada, omba orodha ya misamaha pamoja na sababu zake, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, ipeleke nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ada ya kuwasilisha ombi hakuna. Gharama wanayoruhusiwa kukutoza ni ya kutoa nakala na kuzituma.