Taa ya ABS haiwaki bure: breki na TRC kwenye gari zetu za zamani

Wateja wengi wanaokuja na hizi Mark II GX100 na Corolla za miaka ya 90 hawaulizi ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) imekufa na nini, wanauliza "fundi, hii taa inazimwaje?" Na mafundi wa kuizima wapo kibao. Mmoja anachomoa balbu, mwingine anaiunganisha na taa ya chaji ili ziwake na kuzima pamoja ukipiga stata, wewe unaona mambo safi kumbe hamna kitu. Sasa kabla hujazima ujue kwanza unazima nini.

Kila kitu kinaanzia kwenye tairi. Kwenye habu au kwenye kichwa cha drafshafti kuna ringi ya chuma yenye meno, na karibu yake kabisa, nafasi ya kama milimita moja hivi, kuna sensa. Kwa gari za zamani hiyo sensa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba basi, haipelekewi umeme, inazalisha wa kwake: kila jino likipita mbele ya sumaku umeme unapanda na kushuka, tairi likikimbia mawimbi yanaongezeka na yanapata nguvu. Ndio maana ABS hizi gari likiwa linatambaa, chini ya kama kilomita 5 kwa saa, hazifanyi kazi, umeme unakuwa mdogo mno kontroo boksi (kompyuta ya ABS) haiusomi.

Haya, umekanyaga breki ghafla kwenye lami iliyolowa, mteremko wa Kitonga tuseme. Kontroo boksi inaona tairi moja mwendo wake umeporomoka haraka kuliko gari lenyewe linavyoweza kupungua, inajua hilo linataka kujifunga. Tairi likijifunga linaserereka, na la mbele likiserereka usukani hauna kazi, unakata kulia gari linaenda mbele tu. Kwa hiyo valvu ya kwanza inajifunga ili presha ya masta silinda isiendelee kwenda kwenye tairi hilo, kama bado halijaachia valvu ya pili inafunguka presha inashuka, mafuta ya breki yaliyotoka pampu ya ABS inayarudisha juu, tairi likishika mwendo presha inapandishwa tena, na hayo yote yanajirudia mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ule mtetemo na mngurumo unaousikia kwenye pedeli ndio hiyo kazi. Watu wanashtuka wanaachia mguu! Usiachie, kandamiza mpaka mwisho halafu kwepa unachokwepa, ABS ipo ili uweze kukata usukani huku umeshika breki. Kwenye barabara ya changarawe wala haikupunguzii umbali wa kusimama, mara nyingi inauongeza, maana tairi lililojifunga lingerundika kokoto mbele yake zikazuia gari.

TRC, mfumo wa kuzuia tairi kuspini ukikanyaga mafuta, inatumia sensa hizohizo ila kazi ni ya upande wa pili. Bosch walianza na ABS kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978, ya kuzuia tairi kuspini ikafuata 1986, na ukiijua ya kwanza ya pili haikusumbui. Gari inasukuma nyuma, umekanyaga mafuta kwenye tope, tairi za nyuma zinazunguka kuliko za mbele, basi kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kwa gari nyingine inaligusa breki tairi linalospini. Kwenye Celsior za kwanza na Supra za miaka ya 90, ambazo throto (mlango wa hewa ya injini) inavutwa na kebo, Toyota waliweka throto ya pili yenye mota yake, wewe umekanyaga mpaka sakafuni yenyewe inafunga hewa huko mbele. Ukinasa kwenye matope bonyeza swichi ya TRC OFF, la sivyo injini inakosa nguvu kila ukitaka kutoka. Na ukichanganya saizi za tairi, tairi dogo linazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inadhani linateleza, gari linakosa nguvu kwenye lami kavu kabisa.

Sasa kuna hili la kuchomoa fyuzi. Gari ya zamani kabisa ukichomoa unabaki na breki za kawaida, sawa. Lakini gari za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 zenye EBD (mfumo wa kugawa presha ya breki kati ya mbele na nyuma), nyingi hazina tena valvu ya kupunguza presha ya nyuma, kazi hiyo imepewa ABS. Ukiiua, siku ya breki ya ghafla tairi za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya za mbele, gari linageuka. Ukiona taa ya ABS na taa nyekundu ya breki zimewaka pamoja, na mafuta ya breki yapo, hendibreki imeshuka, usisafiri nalo.

Na kontroo boksi huwa nzima mara nyingi, watu wanazinunua bure Kariakoo. Kwenye Toyota hizi unganisha tundu za TC na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia cha kwenye boneti (zenye soketi chini ya usukani ni tundu 13 na 4), fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya ABS inavyokonyeza: 31 (mara tatu, inapumzika, kisha mara moja) ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Chomoa soketi ya sensa hiyo upime, nyingi zinasoma ohm elfu moja na kitu, ikigoma kusoma kabisa waya umekatika. Ikisoma vizuri, ichomoe uisafishe, kile kisumaku kinajaa unga wa chuma. Futa kodi (hizo namba za hitilafu) kwa kukanyaga breki haraka haraka mara 8 ndani ya sekunde 3, waya ukiwa bado umeunganishwa. Kodi ikirudi na sensa ni nzima, tazama ringi: imepasuka kwa kutu, au drafshafti iliyobadilishwa ilitoka kwenye gari isiyo na ABS na meno hayapo kabisa, hii ya mwisho naikuta sana.