Moyo Ukifa Ganzi: Uchovu wa Kazi Usiokwisha kwa Likizo

Muuguzi mmoja aliingia ofisini kwangu saa tatu asubuhi akiwa bado na sare ya zamu ya usiku. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwamba hakuletwa na uchovu, maana uchovu ameuzoea tangu chuoni. Kilichomleta ni kwamba usiku ule mtoto mmoja alikuwa amefariki wodini, naye akaandika saa ya kifo katika daftari, akafunika kalamu, akauliza kama chai imeshaletwa. “Mwanangu, sikusikia kitu chochote moyoni. Nimekuwa mtu wa namna gani?” (Habari zake nimezichanganya na za wengine wawili ili asitambulike, lakini swali ni lake.)

Neno “nimechoka” limebeba mizigo mingi mno: hulisema aliyetoka shamba, aliyekata tamaa na ndoa, na aliyefika ukingoni mwa nguvu zake kazini, na ndiyo sababu wengi huchelewa kutofautisha uchovu unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja na ule usioondoka. Huu wa pili, uitwao uchovu wa kazi, ulielezwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea katika kliniki ya bure jijini New York, ambaye aliuona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Baadaye Christina Maslach, aliyeshiriki kuchapisha dodoso la kuupima mwaka 1981, alionyesha kwamba una pande tatu: nguvu za moyo kukauka, kujitenga kihisia na watu unaowahudumia, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija tena. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linautaja kuwa hali itokanayo na msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo, wala haliuhesabu kuwa ugonjwa. Baadhi ya wagonjwa wangu huudhika kusikia hivyo, wakidhani wanaambiwa kwamba wanajisingizia; mimi naona uamuzi ule una faida, kwa kuwa unatulazimisha kuikagua kazi kabla ya kumkagua mfanyakazi.

Mwili una namna yake ya kukabili tishio. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo ili zitoe homoni ya kotisoli. Sukari hupanda katika damu, na mwili mzima hukaa macho mpaka hatari ipite. Katika wodi yenye vitanda vilivyojaa na wauguzi wawili, hatari haipiti, inabadilisha kitanda tu. Zaidi ya hapo, kotisoli ina saa zake: hupanda kuelekea alfajiri, hufika kileleni takriban nusu saa baada ya mtu kuamka, na hushuka kabisa usiku wa manane, wakati ambapo mtu wa zamu anatakiwa kuhesabu matone ya dripu bila kukosea. Hapa niseme neno moja kuhusu wanaouza unga wa kutibu “tezi zilizochoka”: hakuna utambuzi wa namna hiyo katika tiba ya homoni, na kipimo cha kotisoli hakiwezi kumwambia mtu kama ana uchovu wa kazi au hana. Fedha hiyo ni heri ikanunue chandarua kipya na pazia zito la chumba cha kulala mchana.

Huo ubaridi uliomtisha muuguzi wangu ndio dalili ninayoitafuta kabla ya nyingine zote, kwa sababu watu wa huduma huona fahari kusema wamechoka, lakini huona haya kukiri kwamba wameanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda. Nionavyo, moyo unaoombwa kila siku zaidi ya ulicho nacho hujifungia mlango, na mlango huo haufungwi kwa wagonjwa peke yao; watoto nyumbani nao hukuta umefungwa.

Kabla ya yote nilimpeleka akapimwe damu, kwani upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kujificha ndani ya neno lilelile “nimechoka”. Nilimuuliza pia kuhusu sonona, ambayo humfuata mtu hata mahali pasipo na kazi, msibani na harusini, na nikamuuliza waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Anayejibu ndiyo hasubiri miadi. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Likizo alikuwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, naye alikwenda kwao, akalala, akanenepa kidogo, akarudi kwenye ratiba ileile ya zamu, na ndani ya wiki chache hali ikawa ilivyokuwa. Hapo ndipo wengi hudhani wao ndio wabovu. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita ambamo kazi humkwaruza mtu: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzake, haki, na maadili anayoyaamini. Nilimtaka achague moja tu linalomuuma zaidi. Nilitarajia angetaja wingi wa kazi; akachagua haki, kwa kuwa zamu za usiku alikuwa akipangiwa yeye na mwenzake mmoja ilhali wengine walikuwa na watu wa kuwasemea. Tuliandika ombi la nusu ukurasa, lisilo na lawama, lililoorodhesha zamu zake za miezi mitatu kwa tarehe. Muuguzi kiongozi hakujibu kwa barua, ila ratiba iliyofuata ilibadilika.

Kupona kulikwenda kwa miezi, tena kwa mpangilio ninaouona mara kwa mara: usingizi hurudi kwanza, hasira hupungua, na kumbukumbu huja mwisho, jambo linalowaogofya wengi wanaodhani ubongo umeharibika. Mwezi wa tano alikuwa bado anaandika kila kitu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Siku hiyo alinieleza kwamba amemfokea ndugu wa mgonjwa, kisha akaenda nyuma ya stoo ya wodi akalia. Alilisema kama kosa. Mimi nililiandika katika faili lake upande wa maendeleo.